Siku tano katika nyumba za Al-Yaarubi: kutoka Maskati hadi Jabrin na Rustaq

Alhamisi: Maskati

Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa, na tangu utotoni nimekuwa nikipita chini ya kuta za Ngomeni, ile ambayo vitabu huiita Fort Jesus, kama mtu apitavyo mbele ya nyumba ya jirani. Shuleni tulifundishwa kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwamba jeshi la Oman liliizingira Machi 1696, na kwamba lilipoingia Desemba 1698, baada ya miezi 33, njaa na maradhi yalikuwa yamekwisha kuwamaliza karibu wote waliokuwamo. Imamu aliyelituma jeshi hilo, yaani mtawala wa Oman, aliitwa Saif bin Sultan, wa ukoo wa Al-Yaarubi. Hapo kengele ikalia, tukatoka kwenda kucheza. Imenichukua miaka mingi kujua kwamba imamu huyohuyo, kabla ya kuizingira ngome yetu, alikuwa ameizingira nyumba ya ndugu yake mwenyewe, Bilarab, na kwamba nyumba hiyo bado imesimama, pamoja na mitende yake na mfereji wake wa maji, mahali paitwapo Jabrin. Hiyo ndiyo niliyokuja kuiona.

Nimefikia kwa khalati yangu huko Seeb, magharibi kidogo ya mji. Yeye ni wa Mombasa kama mama, lakini mumewe marehemu alizaliwa Unguja, na nyumbani kwao Kiswahili ndicho cha jikoni na cha barazani, ilhali Kiarabu huanzia mlangoni kwenda nje. Nilipomweleza safari yangu, aliendelea kumimina kahawa bila kuniangalia, akasema, "Ukifika kwa Bilarab umsomee Fatiha, mwanangu. Na Saif naye umsomee. Usije ukabeba ugomvi usiokuhusu." Nilimwitikia labeka, nikachukua kikombe.

Jioni mwanawe, ambaye ndiye atakayeniendesha siku zote hizi, alinipeleka Maskati ya zamani kuziangalia ngome mbili za Mirani na Jalali, zilizokaa juu ya majabali kila upande wa bandari. Wareno waliziimarisha ili bahari iwe yao, na mwanzoni mwa mwaka 1650 Imamu Sultan bin Saif, baba yao Bilarab na Saif, aliwatoa humo. Habari zilifika Mombasa upesi, na haukupita muda mrefu wazee wetu wakatuma ujumbe kumwomba imamu awasaidie na wao. Ngome hizi mbili tulizitazama kutoka chini tu. Nyumba za ukoo wenyewe haziko pwani. Ziko bara, nyuma ya milima, na huko ndiko tunakokwenda kesho.

Kabla ya kulala niliandika nasaba yao katika daftari ili nisichanganyikiwe, kwa maana majina ya Sultan na Saif yanarudiarudia. Wa kwanza ni Nasir bin Murshid, aliyechaguliwa na wanavyuoni mjini Rustaq mwaka 1624 wakati Oman ilikuwa imegawanyika vipande vipande. Alipofariki mwaka 1649 alifuatwa na binamu yake Sultan bin Saif. Kisha akaja Bilarab mwana wa Sultan, kisha Saif mwana wa Sultan, kisha Sultan mwana wa huyo Saif. Kwa madhehebu ya Ibadhi imamu huchaguliwa kwa elimu na uchaji wake, wala uimamu si mali ya kurithiwa. Ukiisoma orodha hiyo kwa utulivu utaona uchaguzi ukigeuka urithi mbele ya macho yako, na nadhani ndipo balaa la ukoo huu lilipoingilia.

Ijumaa: Nizwa

Tuliondoka kabla ya alfajiri ili tuwahi mnada wa mbuzi. Barabara hupanda kupitia pengo la Sumail, milima ikiwa mitupu kabisa pande zote mbili, bila jani, rangi ya chuma kilichokaa mvuani, halafu ghafla chini yake unatokea mstari wa kijani wa mitende, na hapo unajua kwamba pana maji. Mnadani Nizwa wauzaji huzunguka wakivuta mbuzi zao katika duara, wanunuzi wakiwa wamekaa ndani na nje ya duara hilo, na bei hupigiwa kelele mnyama akiwa anatembea. Binamu yangu alinionya nisiinue mkono hata kujikuna.

Ngome ya Nizwa iko hatua chache tu kutoka hapo. Aliijenga Sultan bin Saif, yule aliyewatoa Wareno Maskati, na kazi ilichukua miaka 12. Ukiwa mbali huoni ila mnara mmoja wa duara, mnene kupita kiasi, kama ngoma iliyosimamishwa katikati ya mji. Unene huo una sababu yake: sehemu ya chini ya mnara haina vyumba, imejazwa udongo na mawe mpaka karibu nusu ya kimo chake, ili risasi ya mzinga ikigonga ukuta isipate mahali pa kupasua. Juu kuna uwanja wa wazi wenye matundu 24 ya mizinga yanayotazama pande zote, hata pasiwe na upande ambao adui angeukaribia bila kuonekana.

Kufika huko juu ndiyo shughuli. Ngazi ni nyembamba na imepindapinda, na kila inapopinda pana mlango mzito wa mbao, na juu ya kila mlango pana mwanya mrefu katika dari ambao kupitia huo walinzi wangemwaga asali ya tende iliyochemshwa juu ya vichwa vya waliovunja mlango. Maji ya moto huteremka na kupoa. Asali hushika ngozi na haibanduki. Nilisimama chini ya mwanya wa tatu nikiutazama, nikasahau kwamba mlango wenyewe ulikuwa mfupi, nikajigonga paji la uso kwa nguvu hata binamu akageuka. Ngome imenijeruhi mimi nisiye na upanga. Alinicheka mpaka tukafika juu.

Sikukaa sana. Nizwa ni kazi ya askari, imefanywa barabara, na inasema jambo moja kwa sauti kubwa. Baba aliyejenga hivi ndiye aliyemzaa mtu wa Jabrin, na hilo ndilo lililokuwa likizunguka akilini mwangu wakati tunakula wali na mbuzi chini ya mti, tukiutazama mnara ule.

Jumamosi: Jabrin

Kutoka Nizwa tulielekea magharibi, tukaipita Bahla na ukuta wake wa udongo unaozunguka mji mzima, kisha barabara ikashuka katika uwanda wazi. Nilitarajia jabali. Ngome tulizozoea hupanda juu ya kitu, iwe mwamba, iwe matumbawe, lakini Jabrin imekaa chini, juu ya ardhi tambarare, katikati ya mitende, na kutoka mbali inaonekana kama sanduku kubwa la rangi ya mchanga lililowekwa taratibu na mtu ambaye hakuwa na haraka. Ina umbo la mstatili, na minara miwili ya duara katika pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari, kila mmoja ukilinda kuta mbili. Hiyo ndiyo dalili pekee ya vita utakayoiona ukiwa nje. Madirisha ni mengi mno kwa ngome.

Bilarab bin Sultan aliijenga katika miaka ya 1670, wakati baba yake bado yuko hai na yuko Nizwa, na alipokuwa imamu mwaka 1679 akaifanya makao yake. Baba alikuwa ameacha hazina iliyojaa na bahari iliyo huru. Mwana akazitumia fedha hizo kwa dari zilizochorwa, kwa vitabu na kwa wanafunzi.

Ukuta umepigwa lipu ambayo Waomani huiita saruj. Hufanywa kwa udongo uliochomwa, ukatwangwa, ukachanganywa na maji na chokaa, na neno lake ndilo hilohilo lililofika kwetu likawa saruji, ingawa sisi siku hizi tunalitumia kwa ule unga wa kijivu wa mifukoni. Niliupapasa ukuta wa uani kwa kiganja. Ni laini kuliko ukuta wa chokaa ya matumbawe wa kwetu, na una chembe ndogo nyekundu ndani yake, vipande vya udongo ambavyo havikusagika. Serikali ya Oman iliikarabati nyumba hii yote kati ya mwaka 1979 na 1983, na mafundi walifanya jambo la busara kwa kuirudia njia ile ya zamani.

Mlinzi wa mlangoni, mzee mwenye ndevu nyeupe, alitusikia tukizungumza, akatungoja tumalize, kisha akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Karibuni. Mmetoka Unguja au Mombasa?" Alikulia Tabora, akasema, na alirudi Oman akiwa kijana. Hakuwa na kazi nyingi asubuhi ile, akafuatana nasi ghorofa ya chini na kutueleza vitu kwa maneno ambayo vibao vya ukutani havina.

Chumba alichokipenda yeye ni cha tende, nami naona alikuwa na haki. Ni chumba chembamba, cha giza, na sakafu yake haikunyooka. Imefanywa matuta madogo yanayokwenda sambamba kutoka ukuta wa nyuma mpaka mbele, kama mgongo wa mbao ya kufulia, na baina ya tuta na tuta pana mfereji wa upana wa vidole vitatu. Makanda ya tende yalipangwa hapo juu ya matuta, moja juu ya jingine mpaka karibu na dari, yakaachwa. Joto na uzito wa makanda ya juu viliyakamua ya chini, na asali ikatoka yenyewe, ikafuata mifereji, ikakusanyika mbele ambapo mtungi uliwekwa kuipokea. Hakuna mashine wala mtu aliyekanyaga. Mzee alichuchumaa akapitisha kidole chake katika mfereji mmoja, toka nyuma mpaka mbele, kunionyesha mteremko ambao jicho haliuoni. "Hii ya kula," akasema, "na ya vita ni hiihii." Nikakigusa kipaji changu cha uso, kilichokuwa bado kimevimba.

Kutoka hapo nyumba inapanda kwa ngazi nyingi, na kwa kweli mgeni hupotea. Kila ngazi ina upinde wake, na tao nyingi zimenakishiwa kwa chokaa iliyochongwa, maua na maandishi. Lakini kinachomsimamisha mtu ni dari. Boriti zake zimepakwa rangi nyekundu, nyeusi na manjano, zimejaa maua yaliyosukana, na katika baadhi ya vyumba michoro ni myembamba hata unaweza kudhani ni kitambaa kilichotandazwa juu. Ngomeni kwetu, katika ile nyumba ya Waomani, zimebaki boriti chache zenye maandishi ya kuchonga, nami nilikuwa nikizihesabu kuwa ni pambo la kipekee. Sasa najua kwamba waliozichonga walikuwa wakikumbuka nyumba nyingine.

Ukumbi mkubwa huitwa chumba cha jua na mwezi. Una madirisha 14, saba chini na saba juu. Ya chini yanaingiza upepo uliopoa, na hewa ya moto, ambayo hupanda daima, hutoka kwa yale ya juu. Mwanga nao hubadilika ukutani kadiri jua linavyozunguka. Nilikaa sakafuni chini ya dirisha moja kwa muda wa robo saa, na ingawa nje palianza kuchoma, humo ndani shati langu lilikuwa likipepea kidogo. Hapa Bilarab alipokea wageni. Na katika nyumba hiihii pana chumba kingine cha kupokelea watu ambacho chini ya sakafu yake pamefichwa vijumba vya askari, ili imamu akiongea na mtu asiyemwamini, walinzi wawe chini ya miguu ya mgeni bila yeye kujua. Kwangu mimi vyumba hivi viwili ndivyo nyumba yenyewe: juu dari la maua, chini watu wenye mapanga wamejikunyata gizani wakisikiliza. Sina hakika kama mtu anaweza kulala vizuri katika nyumba kama hiyo. Zaidi ya hayo, karibu na vyumba vyake vya juu huonyeshwa mahali ambapo inasemekana farasi wake alikuwa akifungwa, kana kwamba mwenye nyumba alitaka aweze kuondoka wakati wowote.

Kwenye ghorofa ya juu kabisa, pembeni mwa msikiti mdogo, pana vyumba vya madrasa. Bilarab aliwalisha na kuwavisha wanafunzi hapa, na miongoni mwa waliolelewa Jabrin ni Rashid bin Khamis al-Habsi, aliyekuwa kipofu tangu udogoni na ambaye baadaye akawa mmoja wa washairi wakubwa wa Oman. Nilifumba macho kidogo nikijaribu kuwaza nyumba hii kwa masikio yake, bila ya rangi za dari: upepo wa madirishani, miguu ya farasi, na maji.

Maji, kwa maana mfereji unapita ndani ya nyumba, chini kabisa. Na pembeni, mwisho wa ngazi ya kushuka, ndipo pana kaburi la Bilarab.

Kisa chake kinaelezwa hivi. Saif, ndugu yake, hakuridhika. Watu wakagawanyika, wanavyuoni wakagawanyika, na ngome moja baada ya nyingine zikamfungulia Saif milango, mpaka Bilarab akabakiwa na Jabrin peke yake. Saif akaja akaizingira. Nyumba iliyokuwa na asali, maji ya ndani na askari waliofichwa chini ya sakafu ingeweza kustahimili muda mrefu, lakini wasimulizi wanasema Bilarab alipoona damu ya jamaa itamwagika kwa ajili yake, alitawadha, akasali, akamwomba Mungu amchukue, na akafa. Huo ulikuwa mwaka 1692. Ukipenda, uamini, ukipenda, useme mtu aliyezingirwa na ndugu yake ana njia nyingi za kufa. Alizikwa palepale, ndani ya nyumba yake.

Kaburi ni la kawaida, halina kuba wala jiwe la kifahari, kama yanavyopaswa kuwa makaburi ya Ibadhi. Mzee wa Tabora alisimama nyuma yetu. Tulimsomea Fatiha, na tulipopandisha ngazi kurudi kwenye mwanga hapakuwa na aliyesema neno mpaka uani.

Jumapili: mashambani

Tulilala Bahla na asubuhi tukarudi Jabrin, safari hii kwa ajili ya ardhi inayoizunguka. Wageni wengi hupiga picha ya ngome na kuondoka, na mitende huihesabu kuwa ni mandhari tu, lakini nyumba hii bila shamba lake isingekaa hata mwezi. Tende zilizokuwa katika kile chumba zilitoka hapa, na maji yaliyopita chini ya kaburi ndiyo yanayotoka nje kuja kunywesha miti.

Mfereji huo ndio falaji. Oman inazo zipatazo 3,000 ambazo bado zinafanya kazi. Falaji ya aina hii huanzia mbali, chini ya mlima, kwenye kisima mama kilichochimbwa mpaka kwenye maji, kisha njia ya chini kwa chini huchongwa kwa mteremko mdogo mno, wakati mwingine kilomita kadhaa, mpaka maji yajitokeze yenyewe juu ya ardhi bila ya kuvutwa. Mahali pa kwanza yanapojitokeza ni pa watu kunywa na kuchota. Kisha yanapita msikitini na mahali pa kuogea. Na mwisho kabisa ndiyo huingia mashambani. Huko hugawanywa kwa saa, wala si kwa ndoo. Kipimo kimoja, athari, ni kama nusu saa ya maji yote ya mfereji, na mtu anaweza kukirithi, kukiuza au kukiweka wakfu. Mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa chini, usiku kwa kuchomoza kwa nyota.

Nilimtazama mfanyakazi mmoja, kijana kutoka Bangladesh, akifanya kazi hiyo. Saa yake ilipofika alitoa tambara lililoviringwa na jiwe kutoka kwenye tundu la kando ya mfereji, akaliziba kwa hilohilo tundu la jirani, na maji yakasita, yakageuka, yakaanza kutambaa baina ya mitende yakisukuma mbele majani makavu na mdudu mmoja aliyekuwa akihangaika. Yote hayo kwa tambara na jiwe. Chini ya mitende palikuwa na ndimu, na chini ya ndimu palikuwa na majani ya mifugo, ghorofa tatu za kijani zikinywa maji mamoja.

Mchana tukiwa njiani kurudi Maskati tulipitia Birkat al-Mawz kuiona falaji ya Khatmain, moja kati ya zile tano zilizoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006. Maji yake hufika mahali yakagawanyika njia tatu, na mafundi wa zamani walizisawazisha njia hizo hata kila moja ichukue theluthi kamili. Nilitupa majani matatu, yote matatu yakashika njia ya kushoto. Binamu akasema falaji haina kosa, majani ndiyo yenye upendeleo.

Lakini hapa lazima niseme jambo ambalo vibao havilisemi. Wanahistoria wa Oman wameandika kwamba Saif alipopata utawala alifufua au kuchimba falaji 17, na kwamba huko Batina, uwanda wa pwani, alipanda mitende 30,000 na minazi 6,000. Hawakuficha pia kwamba alimiliki mamia ya watumwa. Merikebu zilizokwenda Mombasa hazikurudi tupu. Mtu wa pwani yetu akisimama chini ya kivuli hiki kizuri, akasikia maji, akaonja tende, ni haki yake kuuliza ni mikono ya nani iliyochimba na kupalilia, na kukumbuka kwamba baadhi ya mikono hiyo ilitoka kwetu, au ilipitishwa kwetu kutoka bara. Nilimwambia binamu hivyo garini. Alinyamaza mpaka tukaupita mji wa Izki, kisha akaniambia kwamba babu wa mkewe alikuwa mtoto wa mjakazi aliyeletwa kutoka pwani yetu, na kwamba ndani ya nyumba wanalijua hilo wote ila halisemwi mbele ya wageni. Nikamuuliza kama mimi ni mgeni. Akasema, "Leo si mgeni tena."

Jumatatu: Al Hazm na Rustaq

Leo tulifuata upande wa pili wa milima, kwa njia ya Batina. Al Hazm iko uwandani kabla hujafika Rustaq, na aliijenga Sultan bin Saif wa pili, mwana wa yule Saif wetu, aliyetawala kuanzia mwaka 1711. Ukitoka Jabrin ukaja hapa unaona jinsi kizazi kimoja kilivyobadilisha nia. Falaji inapita ndani vilevile, na milango ni ya fahari, mizito, imechongwa maandishi kwa ufundi wa hali ya juu. Lakini kuta zina unene wa mita kadhaa, madirisha yamepungua, na dari hazina boriti za kuchora maua; zinabebwa na nguzo nene na matao ya mawe. Katika mnara pana mizinga ya shaba ya Wareno, yenye nembo ya mfalme wao. Niliigusa kama mtu aonaye kitu cha nyumbani kwao katika sebule ya watu. Mjenzi wa Al Hazm amezikwa humo humo ndani, kama ami yake Bilarab alivyozikwa katika nyumba yake, na kabla ya udongo wa kaburi lake kukauka jamaa na makabila wakaanza kupigania nani awe imamu, kwa kuwa mwanawe alikuwa bado mtoto. Vita hivyo viliwaleta Waajemi nchini na kuumaliza utawala wa Al-Yaarubi. Aliyeibuka baadaye ni Ahmad bin Said, ambaye ukoo wake ndio unaotawala Oman mpaka leo, na ambaye wajukuu zake ndio waliokuja kukaa Unguja.

Rustaq tulifika alasiri. Ngome yake ni ya kale kuliko ukoo huu, ingawa sura yake ya sasa ni kazi yao, na minara yake ina majina ambayo mtoto yeyote angeyapenda: mnara mwekundu, mnara wa upepo, mnara wa mashetani. Mlima wa Jabal Akhdar umesimama nyuma yake kama ukuta. Hapa ndipo ukoo ulipoanzia kwa Nasir bin Murshid, na hapa ndipo Saif bin Sultan alipofia mwaka 1711 na kuzikwa, akiwa tajiri kuliko imamu yeyote aliyemtangulia. Watu walimpa lakabu ya Qaid al-Ardh, pingu ya ardhi, kwa jinsi alivyoifunga nchi ikatulia mikononi mwake. Sikio langu la Kiswahili kila mara husikia "kaidi", na naona si kosa kubwa sana.

Nilikuwa nimekuja na hasira naye kidogo, nakiri. Siku ile Jabrin niliona dari, nikaona madrasa, nikamchagua ndugu yangu. Lakini huyu wa pili ndiye ambaye jina lake limeandikwa katika maisha ya mji wangu: bila yeye Ngomeni ingebaki na bendera nyingine, ukoo wa Mazrui usingetumwa kutawala Mombasa, na huenda nyumba niliyozaliwa isingejengwa pale ilipo. Mlima uliosimama mbele yetu ndio uliowatenga hawa wawili, Bilarab upande wa kusini, Saif upande huu wa kaskazini.

Binamu aliitazama saa yake, kwa maana ndege yangu ni ya usiku. Kisha akanigusa bega akanikumbusha maneno ya mama yake. Tulisimama uani, tukaelekea kibla, tukanyoosha viganja, tukamsomea na Saif.